Nimeuziwa mtambo wa kunyanyulia boti wa "tani 4", kumbe ni pauni 4,000 na mota ya umeme wa Marekani

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha.

Mimi na kaka yangu tuna boti ya mbao hapa Matema, Kyela, na gati dogo mbele ya nyumba. Anayelijua Ziwa Nyasa anaujua mwera. Ukivuma, boti inajigonga gatini usiku kucha, asubuhi unakuta mbao zimeachia na maji yamejaa. Kwa hiyo kila jioni tunalipa vijana waivute nchi kavu juu ya magogo. Tulipoona tangazo la mtambo wa nguzo nne, waya na mota, "umetumika kidogo, unabeba tani 4", tukauza mpunga wa msimu mzima na ng'ombe wawili. Milioni 6.5. Usafiri juu yetu, Dar hadi Mbeya zaidi ya kilomita 800, kisha kuteremka Tukuyu hadi huku.

Kusimika nguzo kulichukua siku nne. Fundi akawasha mota, boti haijatoka hata majini, moshi!

Akakwangua rangi nyeusi ubavuni mwa mota. Chini yake kuna kibao: volti 115, hezi 60. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Kwenye fremu kuna kibao kingine, kimepakwa rangi ileile: LB 4,000. Hizo ni pauni, wakuu. Ni kama kilo 1,814, hata tani mbili hazifiki. Boti yetu na injini, mafuta na mbao zilizokunywa maji haipungui tani mbili na nusu. Kaka yangu alikuwa amesimama majini chini ya mtambo, akiielekeza boti ikae sawa. Mota ingekuwa nzima, ningekuwa naandika habari nyingine.

Na msiniambie muuzaji hakujua. Mtu anayezuia kutu hapaki vibao viwili tu na kuacha bolti zote zikioza.

Waya nazo, kwa nje zinang'aa grisi. Pale zinapopita kwenye roda, ukizikunja kidogo nyuzi zimekatika na unga wa kutu unamwagika. Mtambo huu umekaa baharini, chumvi imeula kwa ndani.

Nilipompigia alisema fundi wetu kaunganisha vibaya. Nikamtumia picha za vibao. Akajibu "mali ikishauzwa hairudishwi", na tangu hapo hapokei simu.

Kama kuna aliyewahi kumshtaki muuzaji wa namna hii, yeye akiwa huku Kyela na muuzaji yuko Dar, anielekeze pa kuanzia. Risiti ninayo, tangazo nililipiga picha kabla hajalifuta, na mota sijaruhusu mtu aifungue.