Nimekatwa maksi 4 kwa kumtaja mshairi wa kike Aemilia Lanyer. Huu ni uonevu!

Wakuu, nimefura, nivumilieni.

Muhula huu tunasoma ushairi wa kichungaji wa Uingereza, karne ya 16 na 17. Wachungaji wa kondoo, siyo wa kanisani, maana mama yangu aliposikia alishafurahi bure. Wiki sita tunaimbiwa mwanamke ni bustani, mwanamke ni chemchemi, mwanamume ndiye mwenye filimbi. Nikanyamaza.

Kilichonitibua ni mtihani. Tumeulizwa nani alitangulia kuandika shairi la kusifu jumba la kabaila na mashamba yake. Mhadhiri anamtaka Ben Jonson na "To Penshurst" yake. Mimi nikaandika kwamba hilo lilichapishwa 1616, na Aemilia Lanyer alishachapisha lake kuhusu jumba la Cookham mwaka 1611. Narudishiwa karatasi, wino mwekundu: "Nje ya mada."

Nje ya mada?! Hebu lisomeni hilo la Jonson. Samaki wanakimbilia wavuni wenyewe, na mabinti wa wakulima, "walioiva", wanaletwa na vikapu vya plamu na peasi vinavyofanana nao. Yaani binti na tunda, kapu moja! Hilo halikujadiliwa hata dakika moja.

Kwa Lanyer hakuna wa kuchumwa. Margaret Clifford, mama wa kikabaila, na binti yake Anne wanaondoka Cookham. Miti inanyauka, ndege wananyamaza, mama anaubusu mti kuuaga, na mshairi naye analiiba lile busu pale pale kwenye mti. Na Anne hakuwa wa kubuniwa. Baba yake alipofariki 1605 ardhi ilikwenda kwa ami yake, akaisotea mpaka alipoipata 1643. Mnafundisha mwanamke na ardhi, mfano huu mnauruka?

Kichekesho zaidi: Robert Sidney, mwenye hilo jumba la Penshurst linalosifiwa, ndiye baba wa Mary Wroth. Binti huyo mwaka 1621 alitoa "Urania", riwaya iliyojaa wachungaji. Bwana mkubwa mmoja akajiona humo, akamtungia shairi la kumwita zimwi. Mama akamrudishia kwa vina vyake vilevile! Kwenye mtaala wetu hayumo.

Nimekata rufaa, naambiwa nisubiri kamati. Aliyewahi kudai maksi akazipata aje anielekeze, barua inaanzia kwa mkuu wa idara au kwa mkuu wa kitivo?

Na nyie wasimamizi, msije mkauhamishia uzi huu jukwaa la mapenzi kisa mmeona neno busu.