Bunduki za leza za kwenye filamu: huo umeme askari ataubeba wapi?

Jumamosi jioni pale Majengo, Moshi, filamu ya vita vya anga za juu ilipoisha kwenye kibanda umiza, watu walibaki kwenye mabenchi wakibishana. Kijana mmoja, fundi simu, alisema miaka kumi haiishi leza itakuwa imeifuta SMG, jina tulilozoea hapa nchini la bunduki ya AK. Wengi wakamuunga mkono. Mimi napinga, na anayeona nimekosea anijibu kwa hoja.

Tuanze na tulichokitazama. Shujaa alikuwa anaikwepa miale myekundu. Mwale unaokwepeka si mwanga! Mwanga unakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Hata risasi ya SMG hutoka mtutuni kwa mita kama 715 kwa sekunde, zaidi ya mara mbili ya mwendo wa sauti, ndiyo maana mlio wake huusikia aliyekoswa. Halafu ile rangi. Bati la kibanda kile lina tundu la msumari, na mchana jua hupenya hapo likashuka kama kamba nyeupe hadi sakafuni. Tunaliona kwa sababu ya vumbi. Huko anga za juu hakuna vumbi wala hewa, basi leza ingepita mbele ya pua yako usiione wala kuisikia.

Hayo ni madogo. Kubwa ni nguvu inatoka wapi. Risasi moja ya SMG ina uzito wa gramu 8 hivi na hubeba nishati ya jouli kama 2,000, yote kutoka kwenye baruti isiyofika gramu 2. Sasa tazama leza ya kweli: mwaka 2014 Wamarekani waliifunga ya kilowati 30 kwenye meli yao USS Ponce, na katika majaribio ikaangusha droni. Kilowati 30 ni kama pasi 30 za umeme zikiwaka kwa pamoja, na hapo nahesabu kinachotoka tu. Mtambo wenyewe hula zaidi, kwa kuwa umeme mwingi huishia kuwa joto la kupozwa. Meli ina jenereta. Askari wa miguu ana mgongo wake.

Jirani yangu wa Pasua, mzee aliyepigana vita vya Kagera, aliwahi kufungua shati akanionyesha begani pale mkanda ulipokuwa ukimchubua. Aliniambia ukiachia mfululizo, magazini ya risasi 30 inakwisha ndani ya sekunde 3, basi unafikiri kabla ya kufyatua, kwa sababu ulizonazo ni zile ulizobeba. Kwenye filamu sijamwona anayehesabu.

Kuna aliyesema filamu hutabiri kesho. Bastola ya Han Solo, mhusika wa filamu ya anga za juu ya Star Wars ya 1977, ni Mauser C96 ya Kijerumani iliyoongezewa vipande, na bunduki za askari wa himaya zilitengenezwa kutoka Sterling ya Kiingereza. Hiyo kesho imejengwa kwa vyuma vya jana.

Mwingine akasema ni burudani, tuiache. Siwezi, kwa sababu ya macho. Hatari ya leza iliyo karibu nasi ni upofu, na ndiyo maana mwaka 1995 mataifa yalikubaliana kwa itifaki kupiga marufuku silaha za leza zilizoundwa kupofusha. Filamu haionyeshi hilo hata mara moja. Wiki hiyo hiyo niliona watoto wawili na vitochi vya leza wakimmulika usoni dereva wa bodaboda aliyekuwa na mama na mtoto mgongoni, huku wakiiga milio ya filamu. Alifunga breki, akaziba macho kwa kiganja. Wale watoto walicheka kwa sababu walichojifunza ni kwamba leza isipolipuka haidhuru.

Basi fundi simu, wewe unayeshika betri kila siku: hiyo ya kumpa askari hata risasi mia za leza ina uzito gani, na joto lake unalitupa wapi?