Kubadilisha kitako cha Remington 700: nikague nini kwanza?

Swali
Salaam, wakuu. Ninaishi Idaho na hutumia bunduki ya Remington 700, inayopiga risasi za .30-06, kuwinda kulungu. Kitako chake (sehemu inayoushika mtutu kwa chini na kuegemea begani) ni kile cha plastiki ilichotoka nacho kiwandani. Nikiilaza juu ya mkoba hupiga vizuri, lakini nikiisimamisha kwa miguu yake miwili au nikiuvuta mkanda kwa nguvu, risasi huangukia pengine. Ninafikiria kununua kitako cha faibaglasi chenye kiini cha alumini. Je, ninaweza kukifunga mwenyewe, au hiyo ni kazi ya fundi?

Jibu la kwanza
Ndugu, kabla hujatoa fedha, hakikisha skrubu za darubini hazijalegea, kwa kuwa wengi hulaumu kitako bure. Kisha toa risasi zote na upitishe noti ya dola kati ya mtutu na kitako. Karibu na ncha ya mbele huenda ikakwama, na hilo si kosa: kiwanda huweka hapo kinundu kinachousukuma mtutu kwa makusudi, na baadhi ya mitutu myembamba hupiga vizuri zaidi hivyo. Tatizo ni plastiki laini, ambayo hupinda na kuubadilisha msukumo huo kila unapobadilisha egemeo. Kwa maelezo yako, kitako kigumu kitakufaa.

Jibu la pili
Kufunga unaweza mwenyewe, mradi uagize kinacholingana: .30-06 huhitaji kitako cha bunduki yenye mwili (chuma kinachobeba bolti) mrefu, si ule mfupi wa risasi za .308, na kati ya matoleo ya Remington 700, ADL halina kifuniko cha magazini upande wa chini, tofauti na BDL. Isimamishe bunduki wima, ncha ya kitako inayoegemea begani ikiwa sakafuni, ili chuma kinachopokea msukumo wa nyuma kikae barabara, ndipo ukaze skrubu ya mbele, kisha ya nyuma. Vyenye alumini mara nyingi hukazwa kwa inchi-pauni 65, yaani takriban niutoni-mita 7.3, ila kipimo cha mtengenezaji ndicho cha kufuatwa. Skrubu ya mbele ikiwa ndefu mno hugusa bolti (chuma unachokivuta na kukisukuma kuingiza risasi), kwa hiyo ijaribu bolti kabla ya kwenda kulenga upya.

Jibu la tatu
Urefu nao upime ukiwa umevaa koti la baridi, kwa maana kitako kinachokutosha Agosti ukiwa na fulana kitakwama kwapani Novemba. Bolti ikiwa nzito baada ya kukaza, hapo mwone fundi. Huenda ikabidi amimine epoksi (gundi inayoganda na kuwa ngumu) kati ya mwili wa bunduki na kitako. Binafsi nisingeijaribu kazi hiyo nyumbani, kwani epoksi ikigandia pasipofaa, chuma hakitoki tena kwenye kitako.