KERO: ORM inakomiti nusunusu, nyie mnasingizia mtandao

Wakuu, hii imezidi. Mifumo ya ghala inayojengwa hapa Dodoma, iwe ya alizeti au ya zabibu, malalamiko ni yaleyale: mzigo umeingia ghalani, deni la mkulima halionekani. Ukimuuliza aliyeandika programu: "mtandao ulikata." Acheni hizo!

Django (fremuweki ya Python; ORM yake ndiyo sehemu inayogeuza programu kuwa amri za databesi) usipoiambia kitu iko kwenye autokomiti: kila save() inakomiti papo hapo, yaani inahifadhi kwa kudumu kwenye databesi. Kupokea kilo 850 kuna hatua tatu: stakabadhi, salio la ghala, deni la mkulima. Ya tatu ikigoma, mbili za kwanza zimeshaingia na hazirudi. Zifunge zote tatu ndani ya transaction.atomic(), yaani muamala mmoja: zote ziingie, au zote zirudishwe nyuma kana kwamba hazikufanyika. Na usiweke try/except humo ndani ukameza kosa la databesi, maana PostgreSQL (databesi yenyewe) ikishakutana na kosa hukataa kila amri inayofuata mpaka urudishe nyuma. Ukitaka kudaka kosa, zungushia hatua hiyo atomic() nyingine ya ndani, udake ukiwa nje yake.

Halafu kuna wanaodhani atomic() ni kufuli la kuzuia wengine wasiguse data ileile. Wapi! Makarani wawili wa mizani wanasoma salio 4,000 kwa pamoja. Mmoja anaongeza 850, mwingine 600. Wa mwisho akihifadhi 4,600, kilo 850 zimeyeyuka na hakuna kosa lolote kwenye logi. Tumia select_for_update() inayofunga safu hiyo mpaka umalize muamala, au F("salio") + 850 databesi ijumlishe yenyewe.

Watu wa Spring (fremuweki ya Java) msicheke. @Transactional, alama ya kuiweka metodi ndani ya muamala, inarudisha nyuma kwa makosa ya aina ya RuntimeException na Error tu; ikirushwa IOException inakomiti kama kawaida, mpaka uandike rollbackFor = Exception.class. Na ukiiita metodi hiyo kutoka klasi ileile haipiti kwenye proksi (kitu cha kati kinachofungua muamala), kwa hiyo muamala haufunguki. Onyo hupewi.

Kubwa kuliko yote: kupiga API ya malipo (huduma ya nje ya kutuma pesa) katikati ya muamala. Ikichelewa sekunde 30, safu ya salio imefungwa sekunde 30 na foleni ya mizani imesimama. Ukirudisha nyuma, pesa iliyokwenda kwa simu hairudi. Andika safu ya "inasubiri", komiti, kisha mchakato mwingine utume ukiwa na namba ya kumbukumbu isiyojirudia. SMS peleka kwenye on_commit(), inayofanya kazi baada tu ya kukomiti.

Kabla hujaja kubisha, weka log_statement = 'all' (kila amri iandikwe kwenye logi) kwenye PostgreSQL ya majaribio, pokea mzigo mmoja. Kama huoni BEGIN moja mwanzoni na COMMIT moja mwishoni, usinitajie mtandao.