Wanaotuchagulia pa kwenda wikendi wanaishi Nairobi gani?

Mkaazi wa Buruburu
Nauliza kwa sababu nimechoka. Kila wiki zinatoka orodha za wikendi: maonyesho ya picha, bendi, filamu, duka la nguo. Na kila wiki ramani ni ileile: Westlands, Kilimani, Lavington, Rosslyn, Karen. Sina ugomvi na Rosslyn. Ile taasisi ya sanaa aliyoianzisha mchoraji Michael Armitage iko huko, na inafaa safari. Lakini Wajukuu, wasanii wa Lunga Lunga kule mtaa wa mabanda wa Mukuru, walialikwa documenta, Kassel, Ujerumani, mwaka 2022, maonyesho wanayoyaota wasanii wa dunia nzima. Mpaka leo sijasoma orodha inayomwambia mtu panda matatu uende Mukuru ukaone wanakofanyia kazi. Wajerumani wamepajua kabla ya watu wa Kilimani. Sasa, anayependekeza ana wajibu kwa mji mzima au kwa marafiki zake? Na akiingizwa bure, akapewa kinywaji na fulana, asituambie?

Binti wa Kilimani
Mimi ni mmoja wa wanaoziandika hizo orodha. Napendekeza mahali nilipofika mwenyewe, basi. Siwezi kumtuma msomaji mahali ambapo saa tatu usiku atahangaika kutafuta gari la kurudi, halafu anilaumu mimi. Na tusidanganyane: wengi wanaolalamika, ladha yao inaanzia na kuishia kwenye rundo la mitumba sokoni Gikomba. Huwezi kudai ushauri wa mitindo ukiwa umevaa nguo aliyoitupa Mzungu.

Muuza Gikomba
Dada, hapo umenigusa pabaya. Robota la mitumba nalinunua likiwa limefungwa, ndani silioni. Nalikata alfajiri, wateja wamenizunguka kabla jua halijatoka, na dakika zile za kwanza ndipo kamera, yaani daraja la kwanza, hutoka: koti la sufu lisilo na doa, suruali ya kitani ambayo kifungo chake cha akiba bado kimeshonwa kwa ndani. Kisha daraja la pili, na mwisho kabisa fagia, mabaki ya chini. Unajua nani hubeba kamera? Wenye maduka ya upande wako na wale wanaouzia kwenye simu. Wanaipiga pasi, wanaitundika kwenye henga ya mbao, na wewe unaisifu kwenye orodha kuwa imechaguliwa kwa ustadi. Ustadi wa nani? Macho yaliyoichagua ni yangu.

Msee wa Umoja
Hapo amejibiwa. Tufungeni mada.

Fundi wa Kariokor
Isifungwe. Mwenzangu wa Gikomba, macho yako nayaheshimu, ila mimi nina cherehani na sijanyamaza. Mteja ananiletea kitenge. Nampima, nakata, natia bitana, kola naishikiza kwa mkono kwanza ndipo ipite mashineni. Nikimtajia bei ananiambia Gikomba kuna koti kwa nusu yake. Sasa mtindo wa Nairobi utatoka wapi kama kila mwili umevishwa na mtu aliyefungasha kabati yake Ulaya? Tulikuwa na viwanda vya nguo: Kicomi ya Kisumu, Mountex ya Nanyuki, Rivatex ya Eldoret, vitambaa vyao tulivishona hapa hapa. Mitumba ikaingia, viwanda vikafa. Hilo ndilo la kujadili.

Muuza Gikomba
Vilikufa kwa mitumba peke yake? Soko lilifunguliwa miaka ya 90, vitambaa vipya vya Asia navyo vikaingia kwa bei ya chini, mkulima wa pamba alikuwa ameshakata tamaa kwa kucheleweshewa pesa, na viwanda vyenyewe vilikuwa vimelemewa na madeni. Halafu Rivatex ilishafunguliwa upya 2019, chini ya Chuo Kikuu cha Moi. Kanunue kitambaa chao, mimi sijakuzuia.

Mzee wa Jericho
Vijana, si Afrika Mashariki yote iliwahi kukubaliana mitumba ikome? 2014 hivi, au 2015. Marekani ikatukunjia uso, tukarudi nyuma.

Karani wa Forodha
2016, mzee wangu. Marais waliafikiana iwe imeondolewa kufikia 2019. Marekani ikatishia kutuondolea nafasi ya AGOA, ile ya kuuza nguo kwao bila ushuru, na Kenya ikajitoa kwenye mpango. Rwanda ndiyo iliyokaza kodi, na 2018 nguo zake zikaanza kutozwa ushuru kule. Kenya ilisimamisha mitumba 2020 wakati wa korona, Machi hadi Agosti. Fundi, miezi ile wateja walikujia?

Fundi wa Kariokor
Miezi ile hakuna aliyekuwa na harusi, ofisi wala kanisa la kuendea. Nilishona barakoa. Usinipimie kazi yangu kwa miezi ya korona, kaka, hiyo si haki.

Mkaazi wa Buruburu
Jamani, nilianza na mapendekezo. Dada wa Kilimani bado hajajibu kama anaingizwa bure.

Binti wa Kilimani
Naalikwa, ndiyo. Kulipwa sijawahi, na anayedai nimelipwa alete ushahidi. Nimeitwa mwizi wa ustadi hapa na hakuna aliyenitetea. Nalipa nauli yangu, nasimama mbele ya picha mpaka miguu inauma, narudi kuandika usiku. Mnataka niende Mukuru? Anayeishi huko aniandikie: wanafungua lini, namwona nani, nashuka wapi. Hakuna aliyewahi kuniandikia. Mwenye jumba la maonyesho Lavington huniandikia kila mwezi.

Msee wa Umoja
Yaani kazi yako ni kungoja barua. Ladha gani hiyo ya kuletewa mlangoni?

Mwalimu wa Pangani
Muacheni, amesema jambo la kweli. Anayetuma mwaliko ndiye anayeandikwa. Wachoraji wa mitaani hawana wa kutuma mialiko. Ila mimi naona hizi orodha zina nguvu ndogo kuliko tunavyodhani. Mwaka 2018 Bodi ya Filamu ilipiga marufuku Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu ya mapenzi ya wasichana wawili, mahakama ikairuhusu kwa siku saba tu, na kumbi zikajaa. Nani alihitaji kupendekezewa?

Mzee wa Jericho
Ile filamu mimi sikuiunga mkono na siiungi mkono leo.

Mwalimu wa Pangani
Mzee wangu, sikuulizia maoni yako juu ya filamu, nilizungumzia foleni. Na nikupendekezee kitu bure, bila fulana. Watu hukutana mbele ya Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue kila siku, wanapigiana simu, "niko Akaivu," kisha wanaondoka bila kuingia. Ghorofa ya chini kuna mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais wa Kenya: vinyago, vitambaa vya Afrika Magharibi, mapambo. Hakuna orodha inayoutaja, kwa sababu hakuna usiku wa uzinduzi wala mvinyo. Vingine alivyokusanya na mkewe viko Nairobi Gallery, lile jengo la miaka ya 30 karibu na Nyayo House.

Karani wa Forodha
1913, mwalimu. Ilikuwa ofisi ya serikali, walikuwa wanaandikisha vizazi, ndoa na vifo. Umbali wa kutoka Nairobi ulipimwa kuanzia hapo.

Mwalimu wa Pangani
1913 basi. Kuta hazikubadilika kwa hilo. Nendeni.

Fundi wa Kariokor
Na muziki hakuna aliyeutaja. Kenyatta Market, katikati ya wanaosuka nywele na wanaochoma nyama, kuna kibanda cha santuri. Benga, rumba, nyimbo za bendi zilizokufa. Unasimama, unachezewa wimbo, unasikia gitaa la pili likiingia na umesahau uliyekuja kusukwa naye. Hiyo ndiyo wikendi.

Muuza Gikomba
Fundi leo umesema. Lakini shati utakalovaa kwenda huko ni la kwangu.

Fundi wa Kariokor
Nina mashati sita niliyoshona mwenyewe. Lako lete nilikague mishono, nikikuta bega moja limeshuka nitakwambia mbele ya watu wote hapa.

Muuza Gikomba
Nalileta Jumamosi. Na wewe uje na la kitenge, watu waone.

Binti wa Kilimani
Saa ngapi? Nitakuja, na nitaandika. Na safari hii nitasema nimealikwa na nani.