Tupeane uzoefu: Nani amefika Natchez, Mississippi, Marekani? Ulisimama wapi, ukaona nini?

Mwanzisha uzi

Habari zenu wanajamvi. Mimi nasoma Jackson, na mwezi uliopita nilishuka Natchez, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari. Mji umekaa juu ya genge, na chini yake unapita Mto Mississippi, mpana, rangi ya chai ya maziwa. Wafaransa walijenga ngome pale mwaka 1716, kwenye nchi ya Wanatchez, wenyeji wa asili walioupa mji jina lake.

Wageni wengi huja kuona majumba ya matajiri wa pamba. Mimi nilianzia Forks of the Road, njia panda lilipokuwa soko la watumwa, la pili kwa ukubwa kusini kule baada ya New Orleans. Hakuna jengo lililobaki. Ni kiwanja cha nyasi, vibao vya maelezo, na pingu za chuma zilizozamishwa kwenye zege. Nimekulia Bagamoyo, nikadhani habari hizi nimeshazizoea. Nilipogusa pingu moja ilikuwa ya moto kwa jua. Nikachuchumaa pale pale mpaka mzee mmoja mwenyeji akaja kuniuliza kama naumwa.

Halafu kuna habari ya Abdulrahman Ibrahima, mtoto wa mtawala wa Futa Jallon, Guinea ya leo, Mwislamu aliyesoma na kuandika Kiarabu. Aliuzwa Natchez mwaka 1788. Mwaka 1807, akiuza mazao sokoni, alikutana uso kwa uso na daktari Mzungu ambaye zamani alipotea Futa Jallon, akapokewa na kuuguzwa na baba yake Abdulrahman. Daktari akataka kumnunua amwachie huru. Bwana wake akakataa. Alikaa utumwani miaka 40. Aliachiwa mwaka 1828, akafia Monrovia mwaka uliofuata, kwao hajafika. Usiku ule sikulala vizuri.

Leteni za kwenu.

kinyozi_wa_kusini

Mkuu, ahsante kwa uzi huu. Mimi ni kinyozi Houston, kwa hiyo nilikwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya William Johnson. Alizaliwa mtumwa, akaachiwa huru mwaka 1820 akiwa mtoto, akajifunza kunyoa na mwishowe akawa na maduka yake ya kunyolea mjini. Tangu mwaka 1835 hadi alipouawa mwaka 1851 aliandika shajara: nani kakopa, nani kapigana, farasi gani kashinda. Kazi yetu ndivyo ilivyo, mteja akishakaa kwenye kiti atakwambia mengi.

Ila lazima niseme na hili: yeye mwenyewe alimiliki watumwa. Nilisoma maelezo hayo mara mbili. Namheshimu kwa ufundi wake, lakini hilo bado linaniuma.

mama_wa_kwaya

Wanangu, hamjataja Rhythm Night Club. Kwaya yetu ilialikwa Natchez, wenyeji wakatupeleka pale. Tarehe 23 Aprili 1940 watu weusi wa mji ule walijaa ukumbini kucheza muziki wa bendi kutoka Chicago. Darini palikuwa pametundikwa mapambo ya majani makavu, yale yanayoning'inia kwenye miti ya kusini. Madirisha yalikuwa yamepigiliwa mbao ili watu wasiingie bila kulipa, na mlango wa kutokea ulikuwa mmoja. Moto ukashika majani. Walikufa watu 209, na kiongozi wa bendi, Walter Barnes, akiwa mmoja wao.

Mama mmoja wa kanisa la wenyeji wetu alitwambia kila familia ya Natchez anayoijua ina mtu wake mle. Tuliimba ubeti mmoja tu, sauti zikakatika. Na ukumbi ule ulikuwa mtaa wa St. Catherine, barabara hiyo hiyo inayokwenda mpaka kwenye soko lako la watumwa, mwanangu.

pamba_nyeupe

Mimi niliingia Longwood, jumba la pembe nane. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861 mafundi kutoka kaskazini waliacha kazi wakarudi makwao, na hadi leo ni ghorofa ya chini tu iliyokamilika. Juu ni matofali na mbao tupu.

Mwanzisha uzi

Shikamoo mama. Sikujua kama ni mtaa mmoja, nami niliupita kwa gari. Narudi Jumamosi ijayo, nitautembea wote kwa miguu kuanzia ukumbini mpaka kwenye zile pingu.