Dawa ikiwa kidogo damuni, huponyaje mapafu ya ndama?

Mwanafunzi, Kabete:
Salaam kwenu madaktari. Tunajiandaa kupima viuavijasumu vipya dhidi ya Mannheimia haemolytica, mmoja wa bakteria wakuu wa nimonia ya ndama, na dawa ya kulinganishia ni tulathromisini. Maabara humhesabu bakteria huyu kuwa anasikia dawa hata pale anapozuiwa na mikrogramu 16 kwa mililita, ilhali baada ya sindano ya kawaida damu ya ng'ombe haifikishi hata mikrogramu 1. Je, tunapima nini hasa?

Daktari wa mifugo:
Mwanangu, usiitazame damu peke yake. Dawa za kundi la makrolaidi, tulathromisini ikiwa mojawapo, huiacha damu upesi zikaingia katika tishu za mapafu na ndani ya chembe nyeupe, ambako hukaa kwa siku nyingi. Ndiyo sababu ndama huchomwa sindano moja tu.

Fundi wa maabara:
Naafikiana na Daktari, lakini jibu lake ni nusu. Mchuzi tunaooteshea bakteria si mwili wa ng'ombe: ukiongezwa seramu (majimaji ya damu yasiyo na chembe), tulathromisini huzuia kwa kiasi kidogo zaidi, na ukichachuka, makrolaidi hudhoofika. Sahani yenye vishimo 96 ikiwekwa kwenye kabati lenye hewa ya ukaa, mchuzi hupata asidi na dawa nzuri huonekana mbovu. Kwa hiyo pima asidi ya mchuzi, weka bakteria wapatao 500,000 kwa mililita, na kila mara otesha kando bakteria wa rejea ambaye majibu yake yanajulikana. Asubuhi utaona kitone cheupe chini ya kila kishimo walimoota. Kishimo cha kwanza kilicho safi, ukianzia chenye dawa kidogo zaidi kwenda chenye nyingi, ndicho jibu lako. Rejea akitoka nje ya kiwango chake, tupa sahani nzima, hata kama matokeo mengine yanakupendeza.

Daktari wa nyanjani, Kajiado:
Naomba msiwasahau wafugaji wa mbuzi. Maikoplazma, yaani bakteria, wa homa ya mapafu ya mbuzi, aliyeoteshwa kwa mara ya kwanza hapa Kenya mwaka 1976, hana ukuta wa seli, ambao ndio penisilini hushambulia, hivyo dawa hiyo haimgusi kabisa, na katika mchuzi wa kawaida haoti. Sahani iliyobaki safi kwa sababu hiyo isisomwe kama ushindi wa dawa. Sampuli nazo zichukuliwe kabla mfugaji hajapitia duka la dawa. Tukichelewa, mara nyingi tunakuta mbuzi ameshachomwa.